Nyapara Asiyefoka

Naapa! Haki ya Mungu naapa, ileteni Biblia ya misheni, ile kubwa ya mimbarini, niiwekee mikono miwili na mguu juu! Maneno haya ni kweli tupu, kutoka pembe mpaka kwato. Kama nimetia chumvi hata ya kuonjea mboga, radi ya Mlima Rungwe inifuate mahali peupe, inikute nimevua kofia.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, pareto ilipokuwa pareto. Pale Uyole, barabara ya Tukuyu inapoachana na ya Iringa, kulikuwa na gogo la mkaratusi limelala ubavu, na gogo hilo ndilo lilikuwa benchi. Ukungu wa Uyole wa wakati ule haukuwa huu wa siku hizi wa kupitapita. Ule mtu alikuwa anaukata kwa panga, anaubeba begani, anakwenda kuegemeza ukuta. Dawa yake ilikuwa kahawa ya Sekela, mjane wa Kinyakyusa mwenye birika jeusi kama dhambi. Ukinywa kikombe kimoja unakumbuka mambo yako yote, ukinywa cha pili unakumbuka na ya jirani. Juu kilimani, ukinyoosha shingo, unaona shamba la mzungu aliyeitwa Bwana Filimbi, banda la kukaushia maua ya pareto, na kando yake nyumba ya nyapara. Ni karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya kule, benchi linamwambia afya.

Alasiri moja Andendekisye aliteremka kilima mbio, bunda la nguo kichwani, meno yanagongana kama vikombe kwenye sinia. Huyu ndiye Injini. Jina alijipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa lile banda, na alikuwa akisema kifua chake kina nguvu za malori mawili, moja likiwa la akiba. Lakini siku hiyo injini ilikuwa imekufa baridi.

— Didas! Lori lenu linaondoka saa ngapi?

Didas, aliyeitwa Spana, alikuwa tanboi, kijana mwenye grisi mpaka ndani ya masikio. Lori lao lilikuwa hatua chache pale, linapakia viazi.

— Likijaa. Unakwenda wapi na bunda, Injini? Umefiwa?

— Nakwenda Ubaruku kuvuna mpunga. Nakwenda kufia kwa Wasangu huko, mbali na macho ya watu.

— Wewe na mpunga! Umande ukikugusa tu unapiga chafya mpaka Chimala.

— Afadhali chafya, bwana. Nikibaki hapa yule mtu ananiua.

— Mtu gani? — akaingilia Mika, akaweka kikombe chini kwa kishindo.

Mika walimwita Bama, kwa sababu vita vya Hitla vilimfikisha Bama, nchi ya mbali huko Asia. Kule alikuwa mpishi, lakini ukimsikiliza utadhani Wajapani walikuwa wanamwomba yeye ruhusa kabla ya kufyatua.

— Nyapara Liberatus, — Injini akasema, na jina lenyewe lilitoka kwa kunong'ona. — Hajasema kitu.

Benchi zima likavuta pumzi. Sekela akasahau kumimina.

— Mpaka leo?

— Mpaka leo. Tangu jana moto uwake, hajasema kitu.

Hapa lazima ujue mambo. Yule Liberatus alikuwa Mhehe, katoka Iringa mvua zilipoanza, mtu mrefu, mpole, wa kusali rozari. Nyapara aliyemtangulia aliitwa Ngurumo. Ngurumo akifoka, ng'ombe wa Igurusi walikuwa wanaacha kucheua. Alikutukana asubuhi, akakutukana babu yako mchana, jioni mnagawana tumbaku. Mtu ulikuwa unajua unasimama wapi. Sasa huyu Liberatus hafoki! Ukikosea anakutazama, anasema, “Haya, tuanze tena.” Watu wazima walikuwa wanakosa usingizi kwa ajili ya hiyo “haya”.

Na jana ndiyo Injini akaliunguza banda. Alikuwa ameapa mbele ya wachumaji kwamba maua ya kukauka siku nzima yeye atayakausha kabla uji haujapoa. Akashindilia kuni za mkaratusi, mkaratusi ule wenye mafuta, moto ukapanda mpaka kwenye maua. Moshi wa pareto si unaujua? Moshi ule uliua inzi, ukaua viroboto, ukaua chawa mpaka ng'ambo ya mto, na akina mama wa Uyole waliimba. Mpaka leo kuna kunguni huko Mbeya wakisikia jina la Injini wanahama kitanda.

Liberatus aliingia ndani ya moshi, akamtoa Injini kwa kumvuta kola, akamtupa kwenye nyasi. Halafu akarudi ndani kuokoa zile chekeche za waya zinazoanikiwa maua. Akazitoa moja moja, akazibwaga nje. Alipomaliza akasimama, akamtazama Injini, midomo imebana. Akaenda zake nyumbani.

— Na leo asubuhi? — Bama aliuliza, macho yametoka.

— Leo asubuhi kaja. Kasimama mlangoni. Mikono nyuma, hivi. — Injini akasimama, akaiweka mikono nyuma ya mgongo, akabana midomo. — Kanitazama. Kaondoka.

— Mikono nyuma?

— Nyuma kabisa! Wala hakuitoa hata kufukuza inzi.

— Inzi walikuwa wapi na wewe umewamaliza? — Spana akacheka, lakini hakuna aliyemfuata.

— Nyamaza, Spana, — Bama akasema. — Jambo hili ni la kijeshi. Nisikilizeni mimi niliyekula moshi wa Bama. Kule tulikuwa na afisa mmoja, akifoka tunalala usingizi, tunakoroma. Siku aliponyamaza akaweka mikono nyuma hivyohivyo, alfajiri tukavuka mto, na mto wenyewe ulikuwa umejaa mamba na Wajapani, nusu kwa nusu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Lakini mkuu hajasema la kusikia! — Injini akapiga kelele. — Sasa mimi guu langu linavunjika kwa neno gani?

— Ndiyo hatari yake. Hujui utavunjika lipi. Jiandae yote mawili.

— Mimi nasema kaficha kiboko, — Spana akasema. — Mtu haweki mikono nyuma bure. Kiboko cha ngozi ya kifaru.

— Angekuwa na kiboko ningekifurahia! — Injini aliruka juu. — Kiboko nakijua, kiboko ni rafiki yangu! Ngurumo alinichapa na tukala naye mahindi!

— Basi si kiboko. Kitu kikubwa zaidi. Unajua, Injini, gari likipiga kelele ni zima. Silansa imetoboka, breki zinalia, dereva anaimba, mnafika Iringa salama. Ogopa gari lililonyamaza kwenye mteremko. Lile bwana limekufa, linakwenda kwa uzito wake tu. Huyo Mhehe anateremka Kitonga bila gia, na chini ya mteremko umekaa wewe unakunywa kahawa.

Injini akakitazama kikombe chake kama kimemsaliti.

— Nyie mnazungumza magari na Wajapani, — Sekela akasema. Alichuchumaa kwenye moto wake, na alipoongea alinyoosha kipande cha kuni kama jaji. — Jambo hili ni la moyoni. Kwetu mtu akiwa na neno moyoni hulitoa. Analitoa mbele ya wenzie, hata kama ni baya kama nini. “Wewe fulani, umenikera kwa hili na hili.” Halafu anapewa maji, anasukutua, anapuliza chini, fuu! Limekwisha, mnakula. Hasira isiyopulizwa hailali. Inatoka usiku yenyewe kama pumzi ya baridi, inakwenda kumshika mtu. Tata, baba yangu, mbona unatetemeka?

— Sitetemeki.

— Kahawa inamwagika.

— Ni ukungu huu.

— Ukungu tumekaa nao sote. Mbona umechagua wewe?

Mwe! Injini akatua kikombe. Akajishika paji la uso, akajishika shavu, akajishika goti, kila mahali baridi. Kweli, usiku wote hajalala. Kweli, meno yanagonga tangu alfajiri. Kumbe ile pumzi ya yule mtu ilishatoka kule juu, ikateremka kilima, ikapita chini ya mlango wake!

— Nimekwisha, — akasema. — Jamani, nimekwisha.

— Haba na haba hujaza kibaba, — Bama akatikisa kichwa. — Tangu mvua zianze mtu huyo anaweka hasira. Ya Mika mwizi wa kuni, ambaye si mimi, ni Mika mwingine. Ya wachumaji wanaoweka mawe kwenye vikapu. Ya wewe. Zote hizo hajatumia hata moja! Hiyo si hasira tena, hiyo ni ghala.

— Na ghala likifunguliwa, — Spana akadakia, — mpunga wote unammwagikia aliye mlangoni.

— Mimi ninachosema ni hiki, — Bama akasimama, akapanda juu ya gogo, maana kahawa ilikuwa imeshafika kichwani. — Kule nyuma ya mgongo ana bomu! Msicheke! Mabomu mengi hayakurudishwa baada ya vita. Mimi mwenyewe nilimjua mtu wa Iringa aliyekuwa akipondea karanga bomu, mkewe hajui, wageni hawajui, wanakula tu na kusifu.

— Bomu la nini? Si amfukuze kazi tu?

— Kumfukuza lazima aseme! Na huyo hasemi! Sasa wewe Spana, nitajie njia ya kumfukuza mtu bila kufungua mdomo. Nitajie! Ni bomu tu.

Hata Sekela akajishika kidevu. Ilikuwa hoja.

— Asingenitoa kwenye moshi, — Injini akasema kwa sauti ndogo. — Kama anataka nife, mbona alinivuta kola?

— Alikuwa anakuhifadhi, — Bama akamjibu. — Mtu hamwachii moto mgomvi wake. Anamtaka mzima, ammalize kwa nafasi.

Kule barabarani dereva akapiga honi. Viazi vimejaa. Spana akachukua bunda la Injini, akalirusha juu ya magunia, pu!

— Panda, mzee. Mwenda pole hajikwai, kwa hiyo twende mbio.

Injini akasimama. Akautazama mlima, akalitazama lori. Kwake ilikuwa hivi: akipanda, kazi imekwisha, na jina lake limekwisha. Kuanzia Mbeya mpaka Iringa, kwenye kila shamba, watasema yule Injini aliunguza banda la watu akakimbia na matako yake. Mkewe yuko Tukuyu kwa wazazi, akirudi atakuta mlango umefungwa na kicheko cha majirani. Na akibaki, ile mikono iliyofichwa siku moja itatokea mbele. Mguu mmoja ukaenda lorini, mwingine ukabaki kwenye gogo. Alikuwa kama mtu anayepimwa suruali.

Sasa pale mwisho wa gogo alikuwa amekaa mama mmoja ambaye benchi lilikuwa halimjui. Alisema anaitwa Alinanuswe, ametoka huko Uporoto, anangoja lori hilohilo limpeleke Iringa kumwona binti yake aliyejifungua. Alikuwa na jogoo kwapani. Kahawa yake alikunywa kimya, akisikiliza, huku jogoo naye akigeuza kichwa kwa kila anayesema. Akajifunga kanga vizuri, akasimama, akamgeukia Injini.

— Samahani, tata, mimi ni mpita njia. Huyo bwana zile chekeche za waya alizitoa motoni kwa kitu gani? Kwa koleo?

— Kwa mikono, mama. Koleo nani alikuwa na akili ya kuleta?

— Aa. Na mikono yake inaendeleaje?

Ndugu yangu, benchi hilo ungeliona!

Bama alikuwa bado yuko juu ya gogo, kidole hewani, bomu mdomoni. Akashuka polepole. Spana akatazama viganja vyake vyenye grisi, akavigeuza, akavigeuza tena. Sekela akaliondoa birika motoni, akasahau kitambaa, sikio la birika likamchoma, akapiga yowe na kulidondosha, kahawa yote ikamwagika majivuni, shaa! Akasimama anapuliza vidole vyake, machozi yanamlengalenga, na watu wote wanamtazama vidole.

— Sikuuliza, — Injini akasema.

— Basi labda kuna mwenzenu aliyeuliza, — akasema yule mama.

Injini akawatazama. Bama akatazama Iringa. Spana akatazama Tukuyu.

Honi ikalia tena, ndefu. Yule mama akapanda mbele na jogoo wake, Spana akaruka nyuma akabamiza bodi.

— Injini! Panda!

Lakini Injini alikuwa ameshakata kushoto, anapanda kilima. Hapo ndipo aliponipa hata mimi imani na lile jina lake, maana alipanda ule mlima kama lori lisilo na mzigo, vumbi nyuma, kuku wanakimbia. Bunda la nguo likaenda Ubaruku peke yake. Sijasikia kama lilivuna.

Alikuta mlango wa nyapara umerudishwa tu, haukufungwa. Akabisha, kimya. Akasukuma. Liberatus alikuwa amekaa kwenye kigoda, moto umezimika, chungu cha viazi mbele yake, viazi vya kuchemsha vya jana, havijamenywa hata kimoja. Mkewe alikuwa bado Iringa. Na mikono yake, Mungu wangu, mikono ilikuwa imelazwa magotini, viganja juu, imevimba kama mikate, imefungwafungwa majani ya mgomba kwa namna ya mtu aliyejifunga kwa meno. Midomo imebana vilevile.

Injini akachuchumaa, kwa heshima, kama anavyochuchumaa mbele ya baba mkwe.

— Kamwene, nyapara, — akamsalimu Kihehe, maana ndilo neno pekee alilolijua. — Nimekuja kuuliza. Mikono inaendeleaje?

Liberatus akamtazama. Kifua kikapanda, kikapanda, kikapanda tena.

— INAUMAAA!

Nimekwambia Ngurumo alikuwa anasimamisha ng'ombe wa Igurusi? Sahau. Hiyo “inauma” ilitoka kwenye ile nyumba ikateremka kilima, ikang'oa ukungu. Wasafwa waliokuwa wanalima ng'ambo walitua majembe. Pale kwenye gogo, Bama alisimama wima akapiga saluti.

— Amesema! — Sekela akapiga vigelegele, vidole bado vinamuuma. — Jamani, amesema!

— Mpumbavu wewe! — sauti ikaendelea kule juu. — Kichwa kama gunia! Kuni za mkaratusi! Nani alikufundisha kushindilia mkaratusi? Ungekufa mle ndani! Ungekufa, Andendekisye, na mimi ningekwenda kumwambia nini mkeo? Ningemwambia nini? Mjinga! Mwana wa mjinga! Samahani kwa baba yako, lakini mjinga!

Injini alikuwa amechuchumaa palepale, anapokea matusi kama mtu anayenyeshewa baada ya kiangazi. Baridi ikaanza kumtoka miguuni, ikapanda, ikatokea utosini. Kila tusi aliitikia.

— Ndiyo, nyapara! Mjinga, nyapara! Ongeza!

Liberatus alipoishiwa, Injini akachota maji kwenye kata.

— Sasa puliza, baba. Lisibaki neno.

— Hata kwetu tunapuliza, — Liberatus akasema kwa pumzi. — Lakini kata unaishika mwenyewe. Ningeishika na nini?

Injini akamshikia. Liberatus akasukutua, akapuliza chini, fuu. Halafu mabega yake yakaanza kucheza, na yule mtu mrefu akalia, machozi mpaka kwenye ndevu.

— Ndiyo maana nilifunga mdomo, — akasema. — Tangu jana. Nilijua nikiufungua tu, yatakayotoka ni haya. Na mikono sikutaka waione. Nyapara akilia mbele ya watu asubuhi, mchana atamwambia nani shika jembe akashika?

Injini akavuta chungu, akachukua kiazi, akaanza kukimenya.

— Mimi, — akasema. — Fungua mdomo.

Alimlisha mpaka viazi vikaisha. Asubuhi yake wachumaji walimwona Liberatus kasimama mlangoni pa banda, mikono mbele, kila mtu anaiona, na Injini pembeni akipaza amri zake kwa sauti ya malori mawili.

Yale ya viazi na machozi Injini alimwahidi nyapara kwamba hatamwambia mtu, na kweli hakumwambia mtu, ila benchi. Benchi nalo liliapa, Bama kwa bunduki yake aliyoiacha Bama, Sekela kwa marehemu mumewe. Sasa nimekwambia wewe kwa sababu una uso wa mtu anayetunza. Banda aliunguza, sema. Moshi uliua kunguni wa mkoa mzima, sema, tena ongeza. Lakini kwamba nyapara alilia, hilo nakuomba sana, ndugu yangu, usimwambie mtu.